Bomba Linaishia kwa Mama

Mvua ilipoanza kugonga bati, Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mwenye duka la dawa, aking'oa misumari ya kitambaa cha zamani na kuitupia kwenye kopo. Kochi lilikuwa limechoka kwelikweli. Spring mbili zilikuwa zimechomoza, sponji imegeuka unga wa njano, na kwenye mikunjo ya kiti alikuwa ameshaokota vifungo, kalamu na kijiko cha dawa ya kikohozi. Aliisikiliza mvua kidogo, kama mtu anayesikia hodi na kutaka kujua ni mgeni gani. Ilikuwa nzito. Akaweka koleo chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda chumba cha nyuma kumtoa mama yake.

Mama alikuwa ameshavua soksi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu imegusa sakafu, mikono mapajani, vilevile alivyokuwa akikaa kusubiri gari la wafanyakazi enzi zile alipokuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali kuu.

"Ya leo ina safari ndefu," mama alisema.

"Umejuaje?"

"Magoti yameniambia tangu asubuhi."

Fundi alimshika kwapani, wakaenda taratibu mpaka mlango wa mbele, akamkalisha kwenye kiti chake. Kiti hicho alikiunda yeye mwenyewe kwa mbao nene, na chini ya sponji alikuwa amefunga spring za lori, kwa sababu viti vya kawaida vilikuwa vikipasuka. Akafungua mlango. Maji yalikuwa yameshaanza kuteremka barabarani, rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma chupa na majani mbele yake. Mama akateremsha miguu nje ya kizingiti. Maji yalipofika kwenye nyayo zake yalipunguza mwendo, yakazunguka vifundo, yakaingia.

Hivyo ndivyo mtaa ule ulivyokuwa ukipona. Maji yote ya mvua yalimwingia mama wa Fundi kupitia nyayo. Manyunyu yalimjaza magotini. Mvua ya wastani ilimfika kiunoni. Mvua kubwa ilimjaza hadi mabegani, akawa mzito na wa baridi, ngozi imevutika na kung'aa, na akigeuka upande ungeyasikia maji yakihama tumboni kutoka kushoto kwenda kulia. Mvua ikishakatika, aliyatoa kidogo kidogo kupitia viganja, mikono ikining'inia ndani ya beseni, na Fundi aliyabeba kuyamwaga uwanja wa nyuma, ambako majani yalikuwa yameota marefu kuliko ua. Kazi hiyo ilikula siku kadhaa. Kati ya beseni na beseni mama alikohoa vizibo vya soda, mifuko ya plastiki, mara mojamoja kandambili ya mtoto. Fundi alivisuuza vitu hivyo na kuvipanga juu ya ukuta, na wenyewe walipita kuchukua vyao.

Jambo hilo lilianza mwaka ule walipomaliza kujenga maduka makubwa kilimani. Zamani kilima kilikuwa majani na vichaka, na mvua ikinyesha ilizama hukohuko. Walipomwaga zege na kutandaza lami ili magari yapate pa kuegesha, mvua haikuwa na pa kuzama tena, ikawa inateremka. Msimu wa kwanza ilibomoa ukuta wa shule ya chekechea na kuondoka na viti vyote vidogo. Msimu wa pili iliingia nyumbani kwa Fundi wakati mama amekaa sebuleni akipiga pasi. Mama alitazama maji yakipanda kwenye mguu wa meza, akazima pasi, akavua soksi zake, akaziweka juu ya kabati zisilowe, kisha akatia miguu majini na kusema, "Basi, imetosha." Maji yakamtii.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kesho yake na kreti ya soda kutoa shukrani. Baada ya hapo likawa jambo la kawaida. Mawingu yakitanda, watu waliulizana madukani kama Bibi ameamka salama, na wakisikia ameamka salama, waliacha viatu vyao nje. Hakuna aliyemuuliza kama anaipenda kazi hiyo. Hata Fundi, bintiye wa kumzaa, hakumuuliza. Mama hakulalamika, na mtu asiyelalamika huchukuliwa kuwa ameridhika.

Lakini umri ulikuwa umekwenda. Msimu uliopita, mvua ya pili ilimkuta hajamaliza kutoa ya kwanza. Midomo ilimgeuka rangi ya wino na pumzi ikawa inatoka na povu. Fundi alikodi gari la kubebea samani, akampeleka kwa daktari. Daktari aliweka kipimo mgongoni, akasikiliza huku na huku.

"Mapafu yake yana maji," alisema.

"Ndiyo," Fundi alijibu. "Ni ya mtaa."

Daktari alitikisa kichwa kwa kuelewa, akamwandikia vidonge vya kukojoa na kumshauri mgonjwa asinyeshewe.

Kwa hiyo gari la halmashauri lilipopita na kipaza sauti likitangaza kwamba ada ya maji ya mvua itapandishwa ili mji ujenge mifereji na kinga ya mafuriko, Fundi ndiye mtu pekee katika mtaa mzima aliyetoka nje kusikiliza vizuri. Ada hiyo ilikuwepo miaka mingi, ndogo, ya kuzugia tu, na kila nyumba ililipa kulingana na ukubwa wa bati na sementi yake, yaani kila mahali ambapo mvua ikianguka haiwezi kuzama. Sasa ingepanda mara tatu. Watu walisonya. Fundi alirudi ndani, akachemsha chai, akamwambia mama yake kwamba bomba linakuja.

"Bomba gani?"

"La kuchukua maji ya kilimani mpaka mtoni. Chini kwa chini. Utapumzika, mama."

Mama alikunywa chai yake. "Kubwa kiasi gani?"

"Mtu anaweza kupita ndani akiwa ameinama."

"Hilo kubwa," mama alisema, na usiku ule alilala bila kukohoa.

Baraza la madiwani lilisema litapokea maoni ya wananchi kwanza. Fundi akajifunga kibwebwe. Alifunga karakana mapema kila jioni, akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani waende wakaunge mkono. Alianza kwa mwenye duka la dawa, kwa kuwa kochi lake lilikuwa tayari na lilihitaji kupelekwa. Mwenye duka alilikalia, akarukaruka kidogo, akasifu spring. Kisha Fundi akaeleza shida yake.

"Fundi, mimi nakuheshimu," mwenye duka alisema. "Lakini nilipe mara tatu kwa ajili ya nini? Sisi huku hatufuriki."

"Hamfuriki kwa sababu ya mama."

"Ndiyo. Na tunamshukuru sana."

"Mama amechoka."

"Mpe pole zangu. Pita dukani kesho nikupe vitamini, sitaki hata senti."

Ng'ambo ya barabara, mwalimu wa chekechea alimkaribisha ndani na kumkalisha kwenye kiti cha mtoto, maana vingine hakuwa navyo. Alisema anaelewa kabisa, ila bati la shule ni kubwa na ua wote ni sementi, na ada ikipanda itabidi aongeze karo, na akiongeza karo wazazi watawatoa watoto. Alisema hayo kwa huzuni ya kweli. Kisha akamwambia Fundi kwamba darasani huwa wanamwombea Bibi kila asubuhi, kabla ya kuhesabu.

Akaenda kwa kinyozi, kwa fundi baiskeli, kwa yule mjane mwenye vyumba vya kupangisha. Kote alipewa kiti, akapewa maji ya kunywa, akaambiwa jambo lilelile kwa maneno mengine. Kuna waliomshangaa kidogo, si kwa habari ya mama yake, bali kwa kuona mtu mwenye akili zake timamu akizunguka kuwataka wenzake watozwe zaidi.

Siku ya maoni, ukumbi wa halmashauri ulijaa. Watu wa kilimani walikuja na mwanasheria. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na alieleza kwamba wateja wake wanaishi juu, maji hayakai kwao hata dakika, na kwa hiyo si haki walipie maji ambayo hawanayo. Watu wa bondeni walipiga makofi, kwa sababu na wao hawakutaka kulipa. Ilikuwa mara ya kwanza kilima na bonde kukubaliana.

Fundi alisimama wa mwisho. Hakuwa amezoea kipaza sauti, akawa anakishika kama nyundo.

"Jina langu mnalijua, wengi mmekalia kazi zangu," alisema. "Mama yangu anabeba maji ya mtaa wetu. Amebeba miaka saba. Ana miaka sabini na minne. Mimi sina mengi. Naomba mpandishe hiyo ada, mchimbe bomba mpaka mtoni, mama yangu apumzike. Mimi nitakuwa wa kwanza kulipa."

Diwani mmoja aliinua mkono akauliza mama huyo anabeba kiasi gani kwa msimu. Fundi alijibu kwamba hajawahi kumpima, ila beseni hujaa na kumwagwa kutwa nzima. Mhandisi wa mji, binti kijana aliyekaa pembeni ya meza kuu, aliandika kitu. Kisha wakapiga kura, na ada ikapita kwa kura moja. Magazeti yalisema maneno ya yule mama fundi makochi ndiyo yaliyogeuza mizani.

Majirani walilipa, hawakuwa na la kufanya. Waliibatiza jina, wakaiita ada ya Fundi. "Umeshalipa ya Fundi?" waliulizana kwa kinyozi. Mjane mwenye vyumba alipandisha kodi, na wapangaji walipomuuliza aliwaonyesha kwa kidevu mlango wa karakana. Kazi za makochi zikapungua. Fundi alijikaza. Alijua watu husahau, na bomba likishaanza kumeza maji wangekuja wenyewe.

Kazi ilianza kiangazi. Matingatinga yalipasua barabara kuanzia kilimani, yakateremka nayo, na nyuma yake malori yakashusha mabomba ya zege, makubwa kweli, mtu angeweza kupita ndani akiwa ameinama. Fundi alipeleka chai kwa vibarua kila asubuhi. Mama aliomba kiti chake kisogezwe dirishani, akawa anatazama mtaro ukikaribia, hatua kwa hatua, kama watu wanavyotazama gari la mgeni wao likipanda njia. Alikuwa mkavu wakati huo, mwepesi, mikunjo yote ya uso imerudi mahali pake. Alianza hata kufua nguo zake mwenyewe. Siku moja Fundi alimkuta akiimba.

Mtaro ulipita mbele ya kinyozi, ukapita mbele ya shule, ukapita duka la dawa. Ulipofika mlangoni kwa Fundi, ukasimama. Vibarua wakalaza bomba la mwisho, mdomo wake ukitazama kizingiti, wakauzungushia sementi vizuri, wakatia na nakshi kidogo, kisha wakaanza kukusanya sepetu zao.

Mhandisi alikuja mchana wa siku hiyo. Alivua viatu mlangoni na kumsalimia mama kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuwa ameleta biskuti. Alikaa, akafungua mchoro mezani, akaeleza kwa upole na bila haraka. Kutoka hapa hadi mtoni zilikuwa kilomita mbili, chini kuna mwamba, na fedha za ada, hata baada ya kupanda, zisingetosha. Waliangalia wafanye nini. Ndipo walipokumbuka maelezo yaliyotolewa ukumbini, kwamba hapa tayari kuna uwezo.

"Uwezo gani?" Fundi aliuliza.

"Mama," mhandisi alisema.

Fundi alitazama mchoro. Mstari wa buluu ulitoka kilimani, ukateremka mtaa mzima, ukaishia kwenye duara dogo. Kando ya duara pameandikwa namba.

"Tulisema bomba liende mtoni."

"Mpango wa mwanzo ulikuwa hivyo, ndiyo."

"Sasa maji ya kilimani yote yanakuja hapa."

"Zamani yalikuwa yanakuja ovyo, yanapotea njiani," mhandisi alisema. "Sasa yatakuja kwa mpangilio. Mtaa hautapata hata tope." Alimgeukia mama. "Tumepiga hesabu, mama. Kitaalamu unaweza. Hata hivyo ningependa kusikia kutoka kwako kama una swali lolote."

Mama alikuwa anahangaika na pakiti ya biskuti, karatasi inamshinda. Mhandisi akamsaidia kuifungua.

"Watu wa kilimani," mama aliuliza, "wanalipa na wao?"

"Wamepewa nafuu. Walifungua kesi."

Fundi aliuliza kama basi na wao, nyumba hii, watasamehewa ada. Mhandisi aliwaza kwa makini, ilionekana angependa jibu liwe ndiyo. Akasema msamaha upo, lakini ni wa wenye bustani inayonyonya maji, na kwa mujibu wa kanuni mama si bustani. Kabla ya kuondoka alipigilia kibati kidogo chenye namba ubavuni mwa kiti. Alifanya kazi safi, hakupasua mbao.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa ya kawaida tu. Zamani ingemfika mama kiunoni. Safari hii maji yalitoka bombani kwa kishindo, unene wa pipa, yakamjaza mpaka shingoni kabla chai haijapoa. Mama alifumba macho. Alisema yana ladha nyingine. Alionja sabuni ya mahali wanapooshea magari, mafuta ya jikoni za mahoteli, na dawa kali wanayotia kwenye mabwawa ya kuogelea. Mvua ilipokatika alikuwa amejaa mpaka machoni, na machozi yaliyomtoka hayakuwa yake, yalikuwa ya kilimani, na yalinukia klorini.

Fundi alipanga mabeseni sita. Alimpangusa mama uso, akamweka sawa kichwa kwenye mto ili yasimwagike masikioni. Mama alikohoa kadi ya kuegeshea magari, ikiwa nzima kabisa, ikaanguka mapajani.

"Nataka kwenda kwa kaka yako," mama alisema.

Fundi aliacha kupangusa. Kaka yake mkubwa alikuwa na shamba dogo mahali pakavu, safari ya kutwa nzima kutoka pale, ambako watu walikuwa wakigombania visima.

"Tangu lini unataka?"

"Tangu ule mwaka wa pasi."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utaona," mama alisema, bila lawama yoyote, na kwa sababu hapakuwa na lawama Fundi alikosa pa kujishika.

Alikwenda halmashauri. Karani wa dirishani alitafuta namba ya kibati, akaipata, akasema miundombinu ya umma haihamishwi bila kibali, na kibali hutolewa baada ya kuthibitika kuwa kuna mbadala. Fundi aliuliza mbadala utajengwa lini. Karani alisema ada ikipanda tena. Alimshauri ahudhurie kikao cha maoni.

Fundi alitoka pale akampigia simu kaka yake.

Kaka alifika na pikapu asubuhi ya Jumapili. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono mipana ya kulimia. Alimtazama mama, akatazama bomba, akasoma kibati, akasema, "Haya." Mama alikuwa hajamaliza kutoa maji, ilibidi wamnyanyue pamoja na kiti chake, Fundi upande huu, kaka upande ule, na walipompandisha nyuma ya gari matairi yalibonyea. Fundi akamfunika miguu kwa shuka, akapakia mabeseni mawili ya njiani, naye akapanda akakaa pembeni yake. Mama alishika ukingo wa pikapu akatazama mbele, ametulia kama maji mtungini.

Walipozunguka kona ya kinyozi, majirani walikuwa wamesimama barabarani.

Hawakuwa wamebeba chochote. Hawakupiga kelele. Mwenye duka la dawa alikuwa amevaa nguo za kanisani. Mjane mwenye vyumba alikuwepo, fundi baiskeli alikuwepo, na mwalimu wa chekechea alikuwa amekuja na watoto wake wote ingawa haikuwa siku ya shule, wameshikana mikono mistari miwili kama wanavyofundishwa kuvuka njia. Kaka alizima gari.

"Fundi," mwenye duka la dawa alisema, "samahani sana."

"Nipisheni."

"Bomba umelileta wewe. Sisi hatukulitaka. Sasa lipo, na Bibi akiondoka, maji ya kilima kizima yatatoka pale mlangoni kwako na kuingia kwetu ndani ya saa moja. Hawa watawekwa wapi?" Hakuwaonyesha watoto kwa kidole. Haikuhitajika.

Fundi alitaka kusema kwamba wangemuunga mkono ukumbini siku ile, wangekuwa wengi, wangesema mtoni na ingekuwa mtoni. Lakini alijua kura ilipita, na ada ililipwa, na mstari wa buluu bado uliishia pale ulipoishia. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa na uso mbaya. Mwalimu alikuwa analia.

Mawingu yalikuwa yameshuka kilimani, na walipokuwa wamesimama hivyo tone la kwanza lilianguka kwenye boneti, likafuatwa na mengine. Watoto waliinua nyuso. Kaka aliwasha gari, akaliacha lingurume, mguu wake ukiwa juu ya breki, akamtazama dada yake kwenye kioo akisubiri neno lake. Fundi alikuwa amefungua mdomo. Mpaka leo hajui lingekuwa neno gani.

"Nishusheni," mama alisema.

Hakusema kwa upole wala kwa hasira. Alisema kama mfanyakazi aliyekuwa ameshavaa nguo za kurudia nyumbani, akaambiwa wa zamu inayofuata hakutokea. Wanaume wanne walijitokeza upesi kusaidia. Walimbeba na kiti chake, wakasema taratibu, taratibu, wakamrudisha mlangoni, na mwenye duka la dawa mwenyewe ndiye aliyepiga goti kumtoa shuka miguuni. Kisha kila mtu akakimbilia kwake, kwa maana mvua ilikuwa imeshika kasi.

Kaka alibaki mpaka mchana. Alikunywa chai amesimama. Aliondoka na pikapu tupu, kwa sababu mifugo ilikuwa inamsubiri, na akasema atarudi kiangazi wajaribu tena. Mama alisema sawa.

Bomba lilikuwa linatapika. Fundi alivua viatu vyake akakaa kizingitini pembeni ya mama, akateremsha miguu ndani ya maji. Yalikuwa ya baridi na yalinuka mafuta. Yalifika kwenye nyayo zake, yakazunguka vifundo, yakaendelea na safari. Akasogea mbele zaidi, akakaa chini kabisa kwenye sementi, mgongo kwa mama, miguu imetanuka usoni pa bomba ili yamfikie yeye kwanza. Yalimlowesha gauni mpaka kifuani. Yakampita.

"Utapata mafua," mama alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imeanza kutoka na povu.

Fundi hakuondoka. Alikaza nyayo zake kwenye sementi, akasubiri. Ng'ambo ya barabara mwalimu alikuwa amewaingiza watoto darasani mpaka mvua ikatike, nao, kwa kukosa cha kufanya, walikuwa wamelala sakafuni, mashavu juu ya mikono, na wengine walikuwa wameshapitiwa na usingizi.